Muulize Nahodha: Vyambo 23 na bega moja

Mwezi huu barua nyingi zimehusu nyavu na injini, lakini kuna moja iliyonikalia moyoni kwa sababu inagusa maji mawili ninayoyapenda: Ziwa Victoria, nilikoendesha boti za wageni kutoka Mbita kwa miaka 14, na maziwa ya Minnesota kule Marekani, nilikokaa kwa binti yangu kiangazi kizima mwaka 2018. Nimeipa nafasi kubwa. Mwalimu wa Naivasha na Mama wa Usenge, mnivumilie. Yenu yako chini.

SWALI: Salamu Mzee Nahodha. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Kondele, Kisumu. Kaka yangu mkubwa ni muuguzi Minnesota, na huko ametekwa na uvuvi wa samaki anayeitwa maski. Amenialika Julai ijayo, na ili nijiandae amenitumia fimbo moja na kasha la vyambo bandia 23. Vingine ni virefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kifundo. Sijawahi kuvua kwa fimbo. Utotoni nilivua ngege kwa mnyoo pale Dunga, basi. Nikimuuliza kaka nianze na kipi, ananijibu, "Vyote vinashika." Nianze na kipi? Na je, naweza kuvijaribu kwa mbuta (sangara) kabla ya safari? – Fundi, Kondele

JIBU: Fundi, kabla hujamfikiria samaki, lifikirie bega lako.

Mwaga kasha lote juu ya gunia, kisha azima mizani kwa mama yeyote anayeuza omena hapo sokoni. Pima chambo kimoja kimoja na uandike gramu zake kwenye karatasi. Halafu shika fimbo aliyokutumia kaka, utazame juu kidogo ya mpini: utaona maandishi ya uzito wa chambo ambao fimbo hiyo imetengenezewa. Fimbo nyingi za maski zina urefu wa mita 2.4 hadi 2.7, na nyingi huandikwa aunsi 3 hadi 8, yaani takriban gramu 85 hadi 225. Chambo kinachozidi kipimo cha juu kiweke kando hata kama ndicho kizuri kuliko vyote. Fimbo inaweza kukatika ukiwa unarusha tu, hata samaki hajatokea. Kilicho chepesi kidogo kuliko kipimo cha chini bado hurushika, hakitafika mbali tu.

Sasa fanya hesabu niliyoifanya mimi jioni ya siku yangu ya kwanza, mkono ukiwa hauwezi kuinua kikombe cha chai. Ukirusha mara moja kila dakika, saa 8 zinakupa marusho 480. Kwa chambo cha mpira cha gramu 300, umetupa hewani kilo 144, zaidi ya gunia moja na nusu la mahindi. Kwa chambo cha gramu 60 hazifiki kilo 29. Na kwa maski utarusha hivyo kweli, maana samaki huyu ni wachache. Yeye ndiye mwindaji wa juu kabisa katika ziwa lake, na wawindaji wa namna hiyo hawajazani mahali pamoja. Wenyeji humwita samaki wa marusho elfu kumi. Mimi nilirusha siku nne kabla ya kumshika wa kwanza, na wakaniambia nimebarikiwa.

Kwa hiyo chambo cha mwanzo ni kile unachoweza kukirusha kuanzia asubuhi mpaka jioni, na kila mara ukakirudisha vizuri hadi ubavuni mwa boti. Usichague kwa kuangalia kipi kinafanana zaidi na samaki. Wanaoanza wengi (na mimi nilikuwa mmoja wao) huchukua dubwana kubwa kwa sababu samaki ni mkubwa. Kufikia saa sita mchana wanarusha ovyo, wanavuta ovyo, na saa ile ya magharibi ambayo maski huamka ndiyo saa wameketi wanajikanda bega.

Umjue kidogo unayemwendea. Maski ni wa Amerika Kaskazini tu: Maziwa Makuu, sehemu za juu za Mto Mississippi, Mto St. Lawrence, na maziwa mengi ya Minnesota, Wisconsin na Ontario. Mwili wake ni mrefu na mwembamba, mdomo bapa kama wa bata, umejaa meno ya kukata. Anawinda kwa kuvizia. Anatulia ukingoni mwa magugu ya majini au kando ya mwamba, kisha anachomoka mara moja. Chakula chake ni samaki wenzake, ingawa kifaranga cha bata kikipita juu yake hakina hakika ya kufika. Rekodi ya dunia inayotambuliwa na IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa ndoano, ni ya Cal Johnson, aliyevua maski wa kilo 30 na ushei katika ziwa la Lac Courte Oreilles, Wisconsin, mwaka 1949. Mbele ya mbuta wetu, anayeweza kufikia kilo 200, huyo ni mtoto. Lakini mbuta hakufuati mpaka miguuni akakutazama. Maski hufanya hivyo, na hapo ndipo watu wanapopoteza usingizi.

Kati ya hivyo 23, toa vitatu.

Cha kwanza ni cha mabapa. Utakitambua: waya ulionyooka, juu yake vibapa viwili vya chuma vinavyozunguka, na nyuma singa ndefu zinazofunika ndoano. Singa hizo asili yake ni mkia wa paa wa huko, siku hizi pia kuna nyuzi za kumetameta. Vibapa vina namba. Chagua namba 8 uache namba 10; vya 10 huvuta maji kwa nguvu na vitakumaliza viwiko. Chambo hiki kinamsamehe anayejifunza kuliko kingine chochote. Kazi yako ni kurusha na kuzungusha rili, kile kigurudumu cha fimbo kinachokunja mshipi (uzi wa kuvulia), kwa mwendo ule ule, usisubiri kizame. Mabapa yakizunguka sawasawa, fimbo inatetemeka mkononi kama pikipiki iliyoachwa kwenye sailensa, na wewe mlio huo unaujua kuliko mimi. Mtetemo ukikatika ghafla, jani limejisokota kwenye bapa: vuta haraka, safisha, rusha tena. Usiendelee kuvuta chambo kilichokufa kwa matumaini. Ukiniambia nichukue kimoja tu niende nacho ziwani, nitachukua hiki bila kuuliza rangi.

Rangi nayo watu huibishania sana. Nilivyoona mimi, maji meusi au yenye tope yanataka nyeusi iliyochanganywa na rangi ya machungwa au shaba. Maji maangavu yanataka fedha na nyeupe. Usiku ni nyeusi tupu, kwa sababu samaki anatazama kutoka chini, na kitu cheusi ndicho kinachoonekana vizuri dhidi ya anga. Hayo yanatosha. Kuna mambo mengine mawili yanayoamua zaidi: kina na mwendo.

Cha pili ni kisamaki chenye ulimi. Ni cha mbao au plastiki, na mbele ya mdomo kina kijisahani kama ulimi uliotolewa nje. Ulimi huo ndio unaokizamisha unapovuta. Ukiwa mrefu na umelala, kinakwenda chini sana, ukiwa mfupi na umesimama, kinabaki karibu na juu. Chagua kinachoelea ukiacha kuvuta, tena cha urefu wa sm 15 hadi 20. Faida yake ni kwamba kinakuonyesha chini ya ziwa kwa mkono. Kikigonga mwamba unahisi kokoto, kikiingia kwenye magugu unahisi ulaini. Hapo acha kuvuta, hesabu mbili, kiinuke juu chenyewe, kisha endelea. Mara nyingi maski humeza wakati ule ule chambo kinapopanda kama samaki aliyezirai.

Cha tatu ni cha juu ya maji, chenye mkia unaozunguka kama pangaboi ukitoa mlio wa pop-pop-pop. Hiki kiweke kwa asubuhi na magharibi wakati maji yametulia kama chai kikombeni. Kitakupa pia somo ambalo vingine haviwezi kukupa: utaona kila kitu kwa macho. Utaona mkunjo wa maji nyuma ya chambo, utaona maji yakipasuka. Na hapo, ndugu yangu, usivute! Mkono utataka kuvuta mara tu unapoona povu. Subiri mpaka uhisi uzito wa samaki kwenye fimbo, kisha ndipo uvute kwa nguvu. Ukivuta kwa macho unamnyang'anya chambo kabla hajafunga mdomo.

Vingine 20 virudishe kasheni. Vile vya mpira vikubwa ni vizuri sana, hasa maji yanapoanza kupoa mwezi wa Oktoba na samaki wakataka kitu kikubwa kinachokwenda polepole. Wewe unakwenda Julai. Vile vya mbao visivyo na ulimi, vinavyovutwa kwa kushtua fimbo kushoto na kulia, vinahitaji mkono uliozoea. Kaka atakufundisha mwaka wa pili.

Sasa jambo lenyewe. Binti yangu anaishi Brooklyn Park, na jirani yake, mzee mstaafu wa posta, alinichukua kwenye boti yake hadi Ziwa Minnetonka, magharibi mwa Minneapolis. Siku ya tatu, kando ya ukuta wa magugu, nilikuwa navuta cha mabapa, chambo kikiwa kimebaki mita mbili kufika botini. Nyuma yake nikaona kitu nilichodhani ni kivuli cha kasia. Kilikuwa samaki. Alikuja polepole, akasimama, mapezi yakicheza, jicho lake likinitazama mimi wala si chambo. Nami, kwa mazoea ya Mbita, nikainua chambo kutoka majini ili nirushe tena. Akageuka akazama. Yule mzee hakuniambia neno kwa muda mrefu. Kisha akachukua fimbo yake, akatumbukiza ncha majini, akanionyesha.

Hili ndilo nataka ulijue hata ukisahau mengine yote. Kila rusho, hata kama huoni kitu, lisiishie kwa kuinua chambo. Kikibaki kama sm 30 kutoka ncha ya fimbo, tumbukiza ncha majini na uchore umbo la namba nane kubwa, kubwa kuliko unavyodhani inatosha. Kona ziwe pana, kwa sababu samaki mwenye urefu wa mita hawezi kukata kona ndogo. Ongeza mwendo unapoingia kwenye kona. Chora nane mbili au tatu, ndipo uinue. Jioni iliyofuata, jua likikaribia kuzama (na Julai kule linazama karibu saa tatu usiku), nilikuwa nachora nane ya pili bila kuona chochote. Kwenye kona ya nje fimbo ikainama hadi majini. Alikuwa sm 104. Nilimshika kwa mikono miwili ubavuni mwa boti, nikamwachilia, nikakaa chini. Nina miaka mingi ziwani, Fundi, na sijawahi kutetemeka vile.

Ndiyo maana narudia habari ya bega. Anayerusha kilo 144 kwa siku hawezi kuchora nane 480. Ataanza kuruka moja, kisha mbili, na ile aliyoiruka ndiyo iliyokuwa na samaki nyuma yake.

Kuhusu fedha. Kaka ana vyambo vya kutosha. Ukitaka kununua kitu, nunua lida nzuri. Lida ni kipande kinachokaa kati ya mshipi na chambo. Meno ya maski hukata mshipi wa kawaida mara moja, na samaki anakwenda na ndoano sita mdomoni. Iwe ya waya wa chuma, au ya florokaboni nene inayostahimili kilo 45 na kuendelea. Mshipi wenyewe uwe wa kusukwa, wa kilo 36 hadi 45. Mimi nilinunua lida ya bei rahisi katika duka moja huko huko, na kibanio chake kikafunguka samaki akiwa juu. Tangu hapo huwa nashika kila kibanio kipya kwa koleo, ile tunayoita plaizi, na kukivuta kwa nguvu zangu zote kabla ya kukiamini. Ukiwa fundi hili halikushindi.

Botini hakikisheni mna wavu mpana wa kupokelea, plaizi ndefu, na mkasi wa kukatia chuma. Maski akiwa wavuni abaki ndani ya maji wakati mnatoa ndoano. Ikikataa kutoka, kateni ndoano. Ndoano ni shilingi chache, naye amechukua zaidi ya miaka kumi kufika ukubwa ule. Huko karibu kila mtu anamwachilia. Na sheria ya Minnesota, kwa maziwa yake mengi ya ndani, hairuhusu kuchukua maski wa chini ya inchi 54, yaani sm 137. Wakati wa joto kali, maji yakifika nyuzi 27 za selsiasi, wavuvi wenye utu huacha kabisa kumvua maski, kwa sababu ataogelea vizuri akiondoka kisha afe baadaye kwa uchovu. Mwambie kaka abebe kipimajoto. Ikitokea wiki ya joto, vueni samaki wengine, au mwende Hayward kule Wisconsin, kwenye jumba la kumbukumbu ya uvuvi lenye sanamu ya maski ya urefu wa mita 43 hivi. Unapanda ndani yake na kusimama katikati ya meno.

Umeuliza pia habari za mbuta. Ndiyo, lakini si kwa kasha zima. Mbuta hana yale meno marefu. Mdomo wake unakwaruza kama msasa, na hushika kwa kufungua mdomo ghafla akafyonza maji pamoja na chakula. Kinachokata mshipi ni kifuniko cha shavu lake, ambacho kina ncha na makali. Kwa hiyo waya hauhitajiki. Weka kipande cha nailoni nene cha mita moja na nusu. Katika vile vitatu, kinachofaa ni kisamaki chenye ulimi mrefu. Sisi tulikuwa tunakikokota nyuma ya boti, mita 40 au 50 za mshipi, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, tukipita kando ya miamba ya visiwa vya Rusinga na Mfangano alfajiri. Cha mabapa kiache nyumbani, ukikikokota muda mrefu kinasokota mshipi. Cha juu ya maji sikukitumia kwa mbuta, kwa hiyo sina la kukuambia.

Usiende Dunga kurusha ndoano za makucha matatu ufukweni. Pale kuna watu wanaosafisha samaki, kuna watoto, kuna viboko, na gugumaji likisukumwa na upepo linajaza ghuba nzima asubuhi moja. Maji ya Ghuba ya Winam ni ya tope. Ukipita Mbita kuelekea ziwa kuu yanaanza kuwa angavu. Nenda Mbita, uongee na viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo huo, uulize leseni kwa afisa wa uvuvi, kisha ukodi boti ya mtu anayejua nyavu za wenzake zimetegwa wapi. Hili lina uzito kwangu. Ukipitisha chambo chako juu ya nyavu za mtu umemchania karo ya watoto. Vaa jaketi ya kuokolea, na uwe umerudi kabla upepo wa mchana haujasimama. Ukishika, kumbuka kanuni ya ziwa: mbuta wa kuchukuliwa ni wa kati ya sm 50 na 85. Aliye chini hajazaa, na wale wakubwa ndio mama wa ziwa. Tena usimvute kwa pupa kutoka kina kirefu. Kibofu chake cha hewa huvimba na hataweza kuzama tena hata ukimwachilia.

Lakini mazoezi makubwa fanya hapo hapo Kondele. Toa ndoano zote kwenye chambo cha mabapa, tafuta uwanja jioni watoto wakishaondoka, weka tairi kuukuu hatua 20 mbele yako, na urushe mpaka kiingie ndani ya tairi mara tano kati ya kumi. Kidole gumba kikae juu ya mshipi wa rili wakati wote. Chambo kikikaribia kutua, kibonyeze. Usipobonyeza, rili inaendelea kuzunguka na mshipi unajivuruga, na utaketi nusu saa unafumua. Baada ya kila rusho, chora nane hewani. Majirani watakushangaa wiki ya kwanza.

SWALI: Nahodha, nafundisha shule ya msingi Naivasha. Wageni husema ziwani kuna samaki aina ya bas anayevuliwa kwa chambo bandia. Nataka kuanza na vifaa vidogo visivyoniumiza mfukoni. Ninunue nini? – Mwalimu, Naivasha

JIBU: Mwalimu, wageni wamekuambia kweli. Bas mwenye mdomo mkubwa aliletwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929, naye ni mwalimu mzuri kwa anayejifunza chambo bandia, mdogo kwa maski lakini mkali. Fimbo nyepesi ya mita mbili, rili ya kawaida, mshipi wa kilo 5. Vyambo viwili tu: kimoja cha bapa moja namba 3, na mnyoo wa mpira wa sm 10 wenye rangi ya kahawia au nyekundu. Nasema nyekundu kwa sababu ziwa lenu lina kamba wekundu wa Louisiana, walioletwa mwaka 1970, na bas anawajua vizuri. Mnyoo uuache uzame hadi chini, uinue kidogo, uuache tena. Wengi wanaoshindwa Naivasha wanavuta haraka mno. Tafuta kingo za mafunjo na miti iliyozamishwa maji yalipopanda, na uende na boti ya mtu wa ufuo wa Kamere badala ya kusimama ukingoni. Viboko wa ziwa hilo wameua watu, Mwalimu, wala hawatangulii kupiga honi.

SWALI: Mtoto wangu wa miaka 11 amejichoma kidoleni na ndoano ya babake yenye makucha matatu. Baba akaivuta kwa nguvu, nyama ikachanika. Ingekuwa sahihi kufanyaje? – Mama, Usenge

JIBU: Pole sana Mama, na mpe pole kijana. Ndoano ina kikwazo karibu na ncha, kama jino dogo linaloelekea nyuma. Kikishaingia chini ya ngozi, kuvuta moja kwa moja kurudi nyuma ndiko kunakochana. Kwanza kateni makucha mengine mawili kwa plaizi yasije yakamchoma mtu wa pili, kateni na mshipi, osheni kwa maji safi na sabuni, kisha nendeni zahanati na ndoano ikiwa pale pale. Watampa ganzi na kuitoa vizuri. Ikiwa ni karibu na jicho, shingoni au kwenye kiungo, msiiguse hata kidogo. Kwa kuwa tayari ilivutwa, angalieni kidole kama kinavimba, kinawaka moto au kinatoa usaha, na muulizie sindano ya pepopunda hata kama kidonda kinaonekana kukauka.

Babake naye mwambie hivi kutoka kwangu: leo jioni achukue plaizi na kubana kile kikwazo kwenye kila ndoano iliyo kasheni, mpaka kilale bapa. Mimi nilianza kufanya hivyo na ndoano zote za wageni wangu baada ya kijana wangu wa boti kuchomwa kiganjani. Samaki hatatoka kwa urahisi mradi mshipi usilegee. Ndoano iliyobanwa hutoka kidoleni kwa kuvutwa taratibu njia ile ile iliyoingilia.